Karatasi Nyeupe za Kisima cha Ng'ambo

Habari za kifo cha Bwana Salim zilinikuta barazani kwangu nikichambua mchicha. Nilinawa mikono, nikajifunga kanga mbili, nikaenda kuketi na wanawake wenzangu katika chumba cha ndani cha nyumba ya marehemu, penye mikeka na harufu ya ubani. Dirisha lilikuwa wazi, na nje yake wanaume walikuwa wakisubiri jeneza litoke. "Mtu huyu amepima maji ya jimbo zima," nilimsikia mmoja akisema, "na hakukosea hata siku moja." Wenzake wakaitikia kwamba ni kweli, hata siku moja. Nilitazama mkeka, maana msibani si mahali pa kusahihisha watu. Lakini Bwana Salim alikosea. Nilikuwepo. Nilikosea pamoja naye, na kwa miaka yote hii nimeona kwamba anayemsifu kwa kutokukosea anampunja, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya alilifanya wakati kosa lake bado lilikuwa la moto mkononi mwake.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Waingereza. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimemaliza mafunzo ya uuguzi msaidizi misheni, na badala ya kupelekwa wodini nilipelekwa kwenye maabara ya maji, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na mikono isiyotetemeka. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya bohari la mabomba pale Tabora, si mbali na reli. Treni ya Kigoma ikipita, chupa zote ziligongana rafuni, na Bwana Salim alikuwa akiinua kidole hewani kama mtu anayeomba watu wanyamaze, mpaka behewa la mwisho liishe. Alikuwa Mwarabu wa Tabora, babu zake walikuja na misafara, lakini yeye mwenyewe hakuzungumza juu ya misafara wala babu. Alizungumza juu ya maji. Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, na Ijumaa alilivua saa sita kamili, akabaki na kanzu, akanikabidhi ufunguo akaenda kusali. Watu wawili tu tulifanya kazi mle ndani. Mzungu wetu, tuliyemwita Bwana Mkaguzi, alikaa mbali na kuja mara moja kwa mwezi kutazama vitabu.

Siku yangu ya kwanza Bwana Salim alileta kutoka kwake chekeche mbili za jikoni, moja ya unga na moja ya kuchekechea chenga za mchele, akaziweka mezani mbele yangu. "Binti Milka," aliniambia, "watu wengi wakishika chujio huuliza maji yatapita upesi au polepole. Hilo ni swali la mvivu. Wewe uliza jambo moja: unataka nini kibaki juu?" Kisha akafungua boksi dogo la bati, akatoa kwa kibanio kile tulichokiita karatasi, ingawa haikuwa karatasi bali utando mweupe wa duara, laini kama ule ulio ndani ya ganda la yai, wenye miraba iliyochorwa juu yake kwa wino. Ulionekana mzima, hauna tundu hata moja. Akaniambia una matundu mengi kuliko watu wa Tanganyika nzima. Ukiugawa unene wa unywele wako mara sabini, alisema, kipande kimoja ni karibu mikroni moja. Kijidudu tunachokitafuta, kile kinachotushuhudia kwamba choo kimeingia majini, kina urefu wa mikroni mbili hivi, lakini unene wake ni nusu mikroni tu, nacho kinaweza kupita tunduni kwa kichwa, kama mtu anavyopita uchochoroni. Ndiyo maana tulitumia karatasi zenye matundu ya sifuri nukta nne tano. Tuliziita nne-tano. Zilikuwapo za matundu madogo zaidi, za kusafishia dawa, lakini ukimimina humo maji ya kisima yatagoma. Na zilikuwapo za matundu mapana, ya mikroni tano nzima, ambazo kazi yake ilikuwa kunasa tope na mchanga tu. Hizo tuliziita tano. Maboksi yake yalifanana kama pacha, isipokuwa namba iliyopigwa ubavuni.

Kazi yenyewe niliipenda tangu siku ile. Unachemsha karatasi, unaiweka kwenye faneli, unamimina maji ya kisima, unavuta pampu ya mkono, na maji yanashuka tone kwa tone chini yakiacha juu kila kilicho kikubwa kuliko tundu. Kisha unaiinua karatasi kwa kibanio na kuilaza ndani ya sahani ya kioo, juu ya kitambaa kilicholoweshwa supu ya kuwalisha hao vijidudu, unafunika, unaingiza kwenye kabati la joto lililowashwa kwa mafuta ya taa. Kesho yake kila kijidudu kilichokuwa hai kimezaa mpaka kimeonekana kwa macho, kitone cha manjano juu ya weupe. Unahesabu vitone. Vikiwa vingi, Bwana Salim anaandika kwamba maji hayafai, na kisima kinafungwa. Visipokuwepo, anaandika kwamba yanafaa, na watu wanakunywa. Hapakuwa na mtu wa tatu kati yetu na watu hao. Hilo nililijua kwa akili tu. Lilikuwa bado halijaniingia mwilini.

Nilipanga chumba mtaa wa Ng'ambo, kwa Bi Zuhura, mjane mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili. Sikulala peke yangu. Nilikuwa chumba kimoja na binti yake Mwajuma, rika langu, aliyekuwa ameposwa na karani wa reli kutoka Nzega na kila jioni akitarizi foronya za harusi. Mimi nilikuwa Mmoraviani na wao Waislamu, na hilo halikutupa taabu, ila Jumapili Bi Zuhura aliniamsha kwa kelele nisichelewe kanisani, kana kwamba aibu ya kuchelewa ingekuwa yake. Tulikula uani, ugali wa mtama na mlenda uliotiwa karanga, au uyoga uliokaushwa tangu masika. Asubuhi muhogo wa kuchemsha na asali. Upande wa pili wa ukuta alifanya kazi Fundi Ramadhani, mshona viatu, na mazungumzo yake na Bi Zuhura yalipita juu ya ukuta huo kutwa nzima bila wao kuonana. "Zuhura, kitu gani hicho kinanukia?" "Si chako." "Basi nitasubiri kiwe changu." Na kweli, sahani ilipita juu ya ukuta, na baadaye ikarudi tupu. Maji ya nyumba zote mbili yalitoka kisima kimoja, kile kikubwa cha jirani na soko, ambacho watu walisema kilichimbwa wakati wa misafara na kwamba wapagazi waliokuwa wakienda Ujiji walitua mizigo yao pale. Nilipohamia nilimwomba Bi Zuhura awe anachemsha maji ya kunywa, kama nilivyofundishwa misheni. Alicheka, lakini akachemsha.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kirefu. Tuliendesha gari la idara kwenye ile njia ya zamani ya misafara, magharibi ya mji, tukipita kisima hadi kisima, na kila tulikotupa ndoo tulisikia ikigonga tope kabla haijajaa. Chupa zilirudi na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Na hapo ndipo nne-tano zilipotushinda. Ulimimina maji kidogo, ukavuta pampu mpaka bega likauma, karatasi ikajipaka utelezi wa udongo, matundu yakaziba, na maji yakabaki juu yanatutazama. Sampuli moja ilikula asubuhi nzima. Zilijipanga sakafuni, nyingine zikapitwa na muda wa kupimwa tukazimwaga. Kisha ikaja barua ya Bwana Mkaguzi. Sikuisoma, lakini Bwana Salim aliisoma kwa sauti ndogo akiwa amesimama dirishani, na nilisikia ya kutosha: majibu yamechelewa miezi miwili mfululizo, yakichelewa tena, vyombo vitahamishiwa Mwanza na chumba kitarudishwa kwa bohari. Aliikunja mara nne. Siku hiyo hakuinua kidole treni ilipopita.

Kesho yake nilipoingia nilimkuta amekwisha kupima sampuli sita. Nilishangaa. "Shikamoo, Bwana Salim. Leo maji yamepita?" "Marahaba. Yamepita. Kwa maji ya tope tutatumia zile tano." Lazima niliduwaa, kwa sababu aliendelea bila mimi kuuliza. "Vijidudu hukaa kwenye tope, binti. Vimeshikamana nalo. Tope likinaswa, navyo vimenaswa." Aliyasema hayo akinipa mgongo, akipanga sahani kabatini. Leo, nikiwa na umri ambao yeye hakuwa ameufikia siku ile, najua kwamba maneno yale yalikuwa na nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayomlaza mtu usingizi. Wako vijidudu wanaopanda tope, lakini wako wengi wanaoelea peke yao. Najua pia kwamba kunipa mgongo kulikuwa si kawaida yake. Wakati ule nilijiambia kwamba yeye ndiye aliyenifundisha, na mimi nina miezi minane tu.

Karatasi zilitoka nyeupe. Kisima baada ya kisima, zimechafuka udongo kidogo, lakini hazina kitone. Nakumbuka kusimama mbele ya kabati wazi na sahani ya kisima cha Ng'ambo mkononi, nikiitazama upande huu na upande huu. Mwishoni mwa masika, maji yakiwa mengi na safi, kisima kile kilitoa vitone viwili au vitatu. Sasa maji yamepungua, yamekuwa machafu kwa macho, na vitone vimetoweka. Jambo hilo lilinipitia kichwani kama mtu anayepita mlangoni bila kubisha hodi, na mimi sikumwita. Niliandika sifuri kwa mwandiko wangu mzuri. Bwana Salim akatia sahihi, na majibu yakabandikwa ukutani pale kisimani, kama kila wiki.

Jioni ile Bi Zuhura alikuwa amerudi kutoka porini upande wa Ipuli, amebeba kuni chache, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Kuni zilikuwa zimeadimika kwa wote. Alizitua chini, akaketi juu ya kinu, akaniuliza, "Milka, mwanangu, si wewe unayeyapima maji haya?" Nikasema ndiye mimi. "Basi niambie mimi mama yako. Nichemshe, nisichemshe?" Nilikuwa namenya muhogo. Sikuinua hata uso. "Ni safi, mama. Nimeyapima mwenyewe." Mwajuma akacheka, akasema afadhali, maana maji yaliyochemshwa yana ladha ya sufuria. Bi Zuhura akapaza sauti juu ya ukuta, "Ramadhani! Milka anasema maji ni safi!" Na sauti ya fundi ikajibu, "Msomi wetu akisema, sisi nani?" Nimesahau mambo mengi ya mwaka ule, hata sura ya yule karani wa Nzega imenitoka, lakini sauti hizo mbili naweza kukuigia mpaka leo.

Wiki mbili tatu baadaye, Fundi Ramadhani ndiye aliyeanza. Nyundo yake ilinyamaza, na sahani iliyopita juu ya ukuta ikarudi na chakula. Alisema ni homa tu, kichwa kinauma. Siku kadhaa baadaye alichukuliwa kwa machela, na nilipokwenda kumwona, muuguzi mmoja tuliyesoma naye aliniambia pembeni, "Homa ya matumbo. Na si yeye peke yake. Wote wanatoka kwenu Ng'ambo." Nilisimama pale wodini na kikapu changu. Kitu cha kwanza nilichokifikiria si Fundi Ramadhani, namwomba Mungu anisamehe, bali ile sahani nyeupe. Nilirudi nyumbani karibu kukimbia, nikamkuta Mwajuma amelala ukumbini mchana, foronya juu ya kifua, mashavu yake yanawaka. "Nimechoka tu," akasema. Nikamshika paji la uso. Kwenye kata kando yake palikuwa na maji, nayo yalikuwa maji ya kisima, baridi, hayajapita motoni. Niliyamwaga uani. "Chemsheni," nilimwambia Bi Zuhura. "Kuanzia sasa, hata ya kusukutulia. Waambie na majirani." Aliniangalia usoni. "Si ulisema?" "Chemsha, mama, nakuomba."

Ilikuwa Jumamosi. Bwana Salim alikuwa ameniachia ufunguo kwa sababu kabati la joto lilihitaji mafuta. Nilichota chupa mbili kisimani mwenyewe, nikaenda maabara, nikajifungia. Nilifanya mambo matatu. Kwanza nilipitisha maji kwenye tano, kama tulivyokuwa tukifanya, yakateremka upesi. Pili, yale yaliyokwisha kupita chini, ambayo kwa hesabu zetu yalikuwa hayana kitu, niliyachukua na kuyapitisha tena kwenye nne-tano. Kwa kuwa tope lilikuwa limeondoka, yalishuka vizuri. Tatu, nilichukua maji mapya, na badala ya kulazimisha kipimo kizima kwenye nne-tano moja mpaka izibe, nilikigawa mafungu madogo kumi, kila fungu na karatasi yake. Nilitumia karatasi nyingi kuliko tulizoruhusiwa kwa wiki, na bega langu lilikuwa limekufa ganzi, lakini maji yalipita yote, na nilipotazama saa niliona yamenichukua muda mfupi kuliko niliotumia zamani kupigana na karatasi moja. Hilo liliniuma kuliko yote. Njia ilikuwepo. Haikuhitaji tundu kubwa, ilihitaji fungu dogo.

Jumapili sikwenda kanisani. Bi Zuhura hakuniamsha. Alikuwa ameshikilia kichwa cha Mwajuma juu ya beseni. Tulimpeleka hospitali pamoja, kisha nikaenda maabara na kufungua kabati. Ile karatasi ya mikroni tano ilikuwa na vitone vinne, ambavyo labda mtu angesema ni bahati mbaya. Zile kumi za mafungu madogo zilikuwa za manjano. Na ile moja, iliyochuja maji ambayo tano ilikuwa imekwisha kuyachuja, ilijaa vitone mpaka sikuona miraba. Vyote hivyo vilikuwa vimepita. Kila siku vilikuwa vinapita kwenye matundu yetu na kumwagwa kwenye sinki, na sisi tunaandika sifuri.

Jumatatu nilimkuta Bwana Salim akifunga vifungo vya koti. Sikumwamkia, ndipo akajua kuna jambo. Niliweka sahani tatu mezani, moja ya kila jaribio, nikamweleza ipi ni ipi. Aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kiasi kwamba nilidhani anahesabu, kisha nikaona macho yake hayasogei.

"Nani mwingine ameona?" aliuliza.

"Hakuna."

"Bwana Mkaguzi anakuja Alhamisi. Nipe mpaka Alhamisi. Nimwandikie kwa utaratibu, nimweleze habari za tope. Tukifunga kisima leo bila barua, na majibu ya wiki iliyopita yanasema ni safi, unajua watakachokifanya? Watafunga chumba hiki. Kisha hakuna mtu atakayepima kitu chochote katika mji huu."

"Bwana Salim, Fundi Ramadhani amekufa alfajiri."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nilipata habari njiani. Mkono wake ulitafuta kiti.

"Na Mwajuma wa Bi Zuhura yuko wodini," nikaendelea, "na mimi ndiye niliyewaambia wasichemshe. Ulinifundisha niulize kinachobaki juu. Sikuuliza. Na wewe hukuuliza."

"Punguza sauti, binti."

"Leo asubuhi watu wanachota."

Nilisubiri, nadhani, mpaka treni ya mizigo ikaja ikapita. Kisha nikazichukua zile sahani mbili za manjano, nikazifunika kwa kanga, nikatoka. Nilitegemea aniite. Hakuniita.

Pale kisimani palikuwa na wanawake kama ishirini, na foleni ya ndoo. Nilisimama karibu na ukingo. Nilifunua sahani, nikasema maji haya yana vijidudu vya choo, ndivyo vinavyowaletea watu homa ya matumbo, msichote. Wa mbele walisogea kutazama. Mmoja akasema vinafanana na mtama uliomwagika. Mwingine, mama mnene muuza vitumbua niliyemfahamu kwa sura tu, akaweka mikono kiunoni. "Wiki iliyopita si mlibandika karatasi hapa kwamba ni safi? Leo mnasema ni choo. Mnatuchezea?" Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha punda akasema babu zake walikunywa maji haya wakabeba pembe mpaka pwani na kurudi. Watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini wakacheka, na kamba ikateremshwa tena kisimani. Niliishika. Mwenye kamba akaivuta. Tukavutana, mimi na sahani mkono mmoja, na sahani moja ikaanguka juu ya jiwe ikavunjika, na yule muuza vitumbua akapiga kelele, "Ondoka hapa, mtoto wa misheni, usitumwagie dawa zako!" Mtu alinisukuma begani. Nilihisi machozi yananipanda, na nilijua nikilia yamekwisha.

Ndipo watu wakaachia njia. Bwana Salim alikuwa anakuja kwa miguu, na koti lake jeupe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, maana hakuwahi kulivaa nje ya maabara. Jasho lilikuwa limemloanisha shingo. Nilidhani amekuja kunichukua. Alinipita. Alimsalimu yule mzee kwa adabu, akaomba kamba, na kwa kuwa aliyeomba alikuwa Bwana Salim, walimpa. Aliipandisha ndoo, akaimwaga chini mbele yao, akaizungusha kamba mkononi mpaka ikaisha.

"Mnanijua," alisema. Hakupaza sauti. "Karatasi ile iliyobandikwa hapa, sahihi ni yangu. Niliandika kwamba maji ni safi. Hayakuwa safi. Nilitumia chujio lisilofaa kwa sababu lilipitisha maji upesi, na niliharakisha. Binti huyu alifuata amri yangu. Aliyegundua ni yeye. Mwenye ndugu mgonjwa na anilaumu mimi, nyumba yangu mnaifahamu. Lakini maji haya leo hayanywewi."

Yule muuza vitumbua alitazama ndoo yake iliyojaa. Kisha akaipindua kwa mguu. Mmoja akaanza kulia, nikajua kwake kuna mgonjwa. Mzee wa punda alitema mate chini, karibu na viatu vya Bwana Salim, naye Bwana Salim hakurudi nyuma. Alinikabidhi kamba ile nzito, iliyolowa, akabandua karatasi yake ukutani, akaikunja na kuitia mfukoni.

Bwana Mkaguzi alikuja Alhamisi. Walizungumza kwa Kiingereza na mlango umefungwa, na kwa kuwa mlango ule haukuwahi kufungika vizuri nilisikia sauti ya Mzungu ikipanda na ya Bwana Salim ikibaki pale pale, ikirudia jambo moja, kosa ni langu, langu. Maabara haikufungwa. Walituma wachimbaji, wakagundua kwamba choo kilichochimbwa upande wa juu wa soko kilikuwa kinavuja kuelekea kisimani tangu maji yalipoteremka, na kisima kikafukiwa. Bwana Salim aliondolewa kwenye vipimo, akapelekwa Nzega kusimamia bohari la mabomba, na miaka ilipita kabla hajarudishwa. Asubuhi aliyoondoka alinionyesha jinsi ya kukata utambi wa kabati la joto, jambo nililolijua, na mimi nikamwacha anionyeshe. "Wanakuletea mkuu mpya," alisema. "Akikwambia jambo huku amekupa mgongo, mwambie ageuke." Kisha akapanda lori.

Mwajuma alikaa hospitali wiki nyingi. Aliporudi nywele zilikuwa zimemtoka, mikono yake imekuwa vijiti, na harusi ilikuwa imesogezwa mpaka baada ya mavuno. Alilala upande wake wa chumba na mimi upande wangu, na alizungumza nami kama zamani, hata alinitania, kwa sababu hakuna aliyemwambia ugonjwa wake ulitoka wapi. Mama yake ndiye aliyejua kila kitu, na mama yake hakuzungumza nami. Hakunifukuza. Aliniwekea chakula, akaenda kula jikoni. Juu ya ukuta hapakupita sahani tena; nyumba ya fundi ilikuwa na wapangaji wengine. Nilivumilia hivyo mpaka mvua za kwanza, kisha nikatafuta chumba Ipuli, na jioni moja nikafunga sanduku langu, nikaenda kusimama mlangoni pa jiko.

"Bi Zuhura, nimekuja kuaga."

Alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka mpaka alipomaliza. Aliupakua, akachota mlenda, akaweka sahani mbili, si moja, juu ya ule mkeka mdogo wa jikoni, akaketi.

"Mwanangu yu hai," alisema. "Ramadhani hayupo. Nimejaribu kukuchukia, nikashindwa. Nimejaribu kukusamehe, nayo bado." Alinisogezea bakuli la kunawia. "Sijui itakuwa lini. Labda utasubiri sana. Lakini hutasubiria Ipuli. Nawa mikono, chakula kinapoa."

Niliketi, nikanawa. Tukala, na mvua ikaanza kupiga bati.